Majike Sita

...tena anauliza, kijana huyu Mwololo na fomu yake, hapa Kilimani kwenye kiti cha kuzunguka, utadhani Nzisa amekuja kuomba unga wa msaada wala si cheti cha samaki waliofugwa bila kemikali, "Mama, hawa vifaranga ya samaki ulitoa wapi?", ulitoa wapi, ulitoa wapi, jamani, kwanza alitaka kujua ng'ombe wa kutoa samadi ya kurutubisha bwawa anakula nini, akajibiwa, halafu jirani anayepulizia mahindi dawa yuko umbali gani, akajibiwa, na kijana huyu mwenyewe amewahi kushika samaki aliye hai?, Nzisa anaingia bwawani kule Karen maji yakimfika kiunoni, kila msimu, anawageuza mmoja mmoja tumbo juu, anatazama karibu na mkia, jike huku, dume kule, maana majike wakibaki wanazaana hadi bwawa linajaa visamaki visivyokua, na wenzake wanamcheka, si ununue wale wa kulishwa homoni, mama, wote wanageuka madume, kazi kwisha, akakataa katakata, hata kanisani alisimama akasema samaki wangu hawajui dawa, na lile duka la Karen linalonunua samaki wake limemwambia bila cheti asiwaletee tena hata mmoja, "Mama? Tuko pamoja? Ulitoa wapi?", kwa Kihara muuza vifaranga, atoe wapi kwingine, Kihara aliyeapa mbele yake, "Hawa ni safi kabisa, Mama Kanini, utakuja kunishukuru," na kweli alimshukuru, msimu huu kuchambua kulikwisha asubuhi moja, samaki mia tano, majike... sita, akapiga magoti kwenye tope akamshukuru Mungu kwa bahati hiyo... bahati gani, Nzisa?, mia tano, majike sita?, wakati kila msimu huwa karibu nusu?, Kihara, mshenzi wewe, umenilisha uongo nami nikaupeleka hadi madhabahuni... lakini ni mikono yangu iliyowageuza, dume, dume, dume, dume, vidole vilijua siku ile ile, ni mimi niliyekimbilia kushukuru kabla sijauliza, "Ni jina tu nataka, mama," anasema Mwololo, kalamu bado iko juu ya fomu, na Nzisa, aliyekuwa tayari kumfokea sasa hivi, anaomba kimoyomoyo asiulize tena.