Kengele ya Baronne

Watu wakisikia nilimtunza mzee kutoka Uswisi, huniuliza habari za saa na chokoleti. Huwa nawaambia waache upuuzi. Saa ya jikoni kwa Mzee Basile ilikuwa ikichelewa kila siku, na chokoleti tulinunua pale madukani Wheaton, hapa Amerika, kama watu wengine. Kitu alichonionyesha mimi ni ng'ombe. Nami nimezaliwa Khayega, upande wa Kakamega, ambako mafahali wakipiganishwa hata muuza duka hufunga mlango akakimbilia uwanjani. Kwa hiyo tulielewana mapema.

Ilikuwa mwaka 2006. Mzee alikuwa ameteleza kwenye barafu akienda kuchukua barua sandukuni, nyonga ikavunjika, akalala pale chini kwenye baridi mpaka jirani alipomwona. Hospitali walimtengeneza vizuri, wakamwekea chuma, wakamrudisha nyumbani. Mkewe alikuwa ameshafariki. Mwanawe Laurent, kijana mpole mwenye kazi ya ofisini Arlington, ndiye aliyeniajiri nimtazame babake mchana.

Shida ilikuwa moja tu, lakini ilikuwa kubwa. Mzee alikataa kutembea. Alinyanyuka kutoka kitandani hadi kwenye kiti chake cha sebuleni, nami nimemshika, basi. Ukimwambia ajaribu peke yake na ule mkongojo wake wa miguu minne, anageuza uso dirishani. Laurent akasema hivi: Ijumaa ya mwisho wa Mei, mtaalamu wa mazoezi ya viungo atakuja kumpima. Mzee atoke kitini mpaka mlango wa mbele, arudi, bila mtu kumgusa. Akiweza, atabaki kwake. Asipoweza, atapelekwa nyumba ya wazee, na nyumba hii iuzwe. Laurent alikuwa ameshakwenda kuitazama hiyo nyumba ya wazee. Alirudi macho mekundu, akaniambia ni safi sana.

Mzee alisikia yote, akaomba chai.

Mimi si mtu wa subira, na sijawahi kujidai ninayo. Nilimfokea. Nikamwambia, "Mzee, miguu ni yako, nyumba ni yako, unangoja nani?" Akanijibu kwa kile Kiingereza chake cha kupanda na kushuka, "Madame, leo joto kali." Kesho yake baridi. Keshokutwa upepo. Nilijua ni woga. Mtu akishalala kwenye barafu akiita na hakuna anayeitika, woga huo hautoki upesi. Lakini yeye ni mwanamume wa milimani, na angekubali kufa kuliko kulitaja neno hilo.

Basi tukawa tunapiga hadithi. Alitoka kwenye bonde la jimbo la Valais, huko ambako ng'ombe ni weusi, wafupi, shingo nene, na majike ndiyo yanayopigana. Niliposikia hivyo niliweka kikombe chini. "Majike?" Majike, Madame. Hakuna anayewachokoza. Wakitolewa zizini majira ya kuchipua, wanasukumana kwa vipaji vya nyuso ili ijulikane nani mkubwa. Aliyeshindwa anageuka, anakwenda zake kula majani, na hakuna anayemfuata kumuumiza. Watu wanajaa kutazama kama kanisani siku ya Krismasi. Anayewashinda wote huitwa malkia, hupewa kengele, na kiangazi yeye ndiye huongoza wenzake kupanda malishoni juu kabisa.

Nikamwambia hata kwetu fahali akikimbia, mchezo umekwisha. Nikamwambia habari za Radi, fahali wa baba yangu, aliyekuwa akitolewa alfajiri kwa ngoma za isukuti, watu wanakimbia mbele na nyuma na matawi, kila mmoja na chake cha kupiga, debe, filimbi, kengele. Bila kelele Radi hakusogeza kwato. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Akanieleza ghala zao za nafaka, zilizosimamishwa juu ya miguu ya mbao, na kwenye kila mguu jiwe bapa ili panya asipande. Nikamchorea ghala ya nyanya yangu. Tulizitazama hizo picha mbili tukakubaliana kwamba panya ni panya popote.

Hakuniweza mahali pamoja tu. Aliponiambia kwamba kwao wanawake walianza kuichagua serikali kuu mwaka 1971, nilisimama. "Mzee, mama yangu, ambaye hajui kusoma, alipiga kura kabla ya mama yako!" Akasema ng'ombe wao walikuwa mbele kuliko wanaume wao. Nilimpenda siku hiyo. Nasema wazi, nilimpenda kama mjomba wangu.

Kengele yenyewe ilining'inia ukutani sebuleni, juu ya meko ya kuotea moto, kubwa kama sufuria ya kupikia ugali wa watu sita, na mkanda mpana wa ngozi wenye nakshi. Baronne, ng'ombe wa nyumbani kwao, aliishinda wakati mzee ni kijana. Alipokuja Amerika kufanya kazi na ng'ombe wa utafiti kule Beltsville, aliipakata ndani ya ndege safari nzima. Sikuruhusiwa kuifuta vumbi. Aliifuta mwenyewe, akiwa kitini, nami nimeishusha kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

Sasa hapo ndipo nilipokosea. Jumapili moja Laurent aliniomba nije. Mzee ana sheria zake za Jumapili, alizotoka nazo kwao: hakuna mashine ya kufagia zulia, hakuna nyundo, hakuna kukata majani, jirani apumzike. Nyumba ilikuwa kimya hata unasikia friji. Nilimtazama pale kitini, Ijumaa inakuja, nikamkumbuka Radi. Nikajiambia, Bilha, tangu lini dume likatembezwa kimyakimya? Nikaiangua ile kengele, nikajivika shingoni, nikaanza kuzunguka sebule nikiimba wimbo wa kutoa fahali kwa sauti yangu yote.

Lo! Sijaona mtu akiwa mwekundu vile. Alinguruma maneno ya Kifaransa ambayo nashukuru siyajui. Kisha akasimama. Peke yake! Mkongojo mkononi, hatua, hatua, akanifikia karibu na meza ya kulia, akanivua kengele. "Haivaliwi," akasema. "Hii inashindaniwa. Hata mimi sijawahi kuivaa. Na leo Jumapili!"

Nilikuwa na furaha na aibu kwa pamoja, sikujua nianze na ipi. Kwetu kengele ni ya yeyote mwenye mkono wa kuipiga. Haikunijia kwamba kwao ni kama taji. Nilimwomba radhi, na kwa kweli nilimaanisha. Mzee aliporudi kitini ndipo alipogundua ametembea, akaitazama miguu yake kwa hasira kama imemsaliti. Siku zilizofuata hakuinuka tena peke yake, wala hakunipigia hadithi.

Nyumbani, mume wangu Simiyu alijishika kichwa. "Bilha, umelose it? Mzungu wa watu, Jumapili, na wewe umevaa kengele ya ng'ombe? Laurent akiskia, job imeenda."

"Lakini alitembea."

"Alitembea kukufukuza!"

"Si ni kutembea?"

Simiyu alicheka, lakini mimi sikulala vizuri. Kazi ningepata nyingine, wagonjwa hawaishi. Niliyemwogopea ni mzee, atakayeamka mahali ambapo hakuna anayemjua Baronne.

Ijumaa ikafika. Mtaalamu alikuwa binti wa Kimeru, Makena, na nilipomsikia akisema jina lake moyo ulitulia kidogo. Haukutulia kwa muda mrefu. Alinivuta kando akaninong'oneza, "Dada Bilha, please usimtouch. Hata kidole. Ukimtouch siwezi kureport ametembea." Laurent alisimama karibu na dirisha, mikono mfukoni, anajifanya anatazama barabara.

Mzee alivaa shati jeupe. Alisimama vizuri. Akavuka zulia, mkongojo unagonga, nami nikawa namhesabia rohoni kama anayemfundisha mtoto. Lakini zulia lilipoishia na sakafu ya mbao kuanza, akakwama. Sakafu ile nilikuwa nimeipiga deki mwenyewe asubuhi, ikawa inang'aa. Niliuona uso wake, nikajua anachokiona. Anaona barafu. Bilha, mjinga wewe, nikajiambia, na usafi wako.

Mguu wake mmoja ulisogea kidogo ukarudi. Makena aliiteremsha kalamu taratibu. Laurent alisema, "Papa, it's okay," na kwa sauti ile nilijua ameshamhamisha.

Sikufikiri. Ningefikiri nisingethubutu, maana alikuwa hajanisamehe ile ya kwanza. Nilikwenda ukutani, nikaitoa kengele, nikaivaa. Nikapita mbele yake kwenye ile sakafu inayong'aa, miguu peku, kengele inalia ngo, ngo, mpaka mlangoni. Nikaufungua mlango, nikageuka nikamtazama machoni. Sikuimba safari hii. Nilikuwa nalia.

"Dada Bilha!" Makena akasema.

Nilingoja ngurumo. Haikuja. Mzee alinitazama muda mrefu, kisha akaweka mkongojo kwenye mbao. Akauleta mguu. Akauleta mwingine. Alikuja polepole na uso umekaza, wala hakutazama chini hata mara moja, alinitazama mimi shingoni. Alinifikia akihema. Akanyoosha mkono kwenye mkanda, nikainamisha kichwa anivue.

Hakunivua. "Umeufunga kama mkoba wa sokoni," alisema. "Inakugonga kifuani. Baronne angekuonea haya." Akauegemeza mkongojo mlangoni, akasimama kwa miguu yake miwili tu, akaukaza mkanda kwa mikono miwili, tundu moja, tundu la pili, mpaka nikausikia umekaa. Kisha akachukua mkongojo wake.

"Haya. Mbele. Polepole, Madame. Malkia hakimbii."

Nikatangulia. Ile kengele ni nzito, jamani, sijui ng'ombe wanaibebaje mlimani. Nilivuka mbao, nikavuka zulia, sikugeuka nyuma, maana nilijua nikigeuka nitamshika. Nilisikia mkongojo unanifuata, na pumzi zake, na mwisho nikasikia kiti kikilia alipokaa. Ndipo nikageuka. Alikuwa anatabasamu, jasho linamtiririka mpaka kolani.

Makena alikuwa anaandika na kupangusa macho kwa mkono uleule. Laurent alimkumbatia babake wakakaa hivyo, wakisemezana Kifaransa. Baadaye alinijia, pua imemwiva, akainua mikono kunifungua ule mkanda nipumzike.

"Mwache nayo," mzee akamwambia kutoka kitini. "Hakuna aliyemshinda bado."