Sauti ya Pili Haimo

Kila Jumamosi, umande ukianza kukauka, Ephrasia aligeuza kahawa ya mama yake juu ya kichanja. Alitupa punje mbovu huku akiimba polepole wimbo wa Jumapili, sauti zote nne, moja baada ya nyingine. Siku hiyo alikuwa bado kwenye sauti ya pili honi ilipolia barabarani. Mzee Tobias, mwenyekiti wa kwaya, alikuwa ametoa kichwa nje ya dirisha la Canter ya mahindi.

"Mwalimu! Panda, tunakwenda Mbinga kununua spika!"

"Shikamoo, mwenyekiti. Si tulikubaliana twende wiki ijayo na kamati?"

"Marahaba. Kamati ni mimi na wewe. Wenzetu wa kijiji cha Ruanda wameshanunua zao, sisi bado tuko kwenye vikao!"

Ephrasia alitaka kumwambia kwamba spika hainunuliwi kwa pupa kama nyanya za mwisho gengeni. Akasema, "Haya." Akanawa mikono, akachukua flashi yenye wimbo waliourekodi Pasaka, akapanda.

Kwaya yao ya Mkumbi ilikuwa imechuma kahawa kwenye mashamba ya watu msimu mzima kwa ajili ya spika hizo. Jumapili kanisa hujaa, wazee wengi wakakaa nje kwenye mabenchi, na spika ya zamani iliwakoromea tu, hawakuambulia neno. "Wewe ndiye mwenye sikio," mama Notburga wa sauti ya pili alimwambia Ephrasia walipomchagua kwenda kununua, vidole vyake vimechubuliwa na mibuni. "Ukatusikilizie."

Dukani, ukutani, paliandikwa: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Muuzaji, kijana aitwaye Victor anayenukia manukato tangu mlangoni, alimvutia mwenyekiti kiti. Ephrasia alibaki amesimama.

"Mzee wangu, umefika penyewe," alisema Victor, akilipiga kofi kabati jeusi la spika lililomfikia kifuani. "Sikia hii."

Akawasha. Besi ikatetemesha vioo vya duka, na kikombe cha chai kikaanza kutembea chenyewe mezani. Mwenyekiti akacheka kama mtoto.

"Hii Ruanda wataisikia!"

"Ruanda tu? Mzee, hii itafika Mbamba Bay, samaki wahame ziwa!"

"Samahani, kaka," alisema Ephrasia. "Naomba tujaribu na wimbo wetu."

"Muziki ni muziki, dada." Lakini akaichukua flashi, akaichomeka, na besi akazidi kuipandisha.

Sauti ya kwanza ilitoka kama imefungiwa kwenye kopo. Wanaume walinguruma. Ephrasia aliinamisha kichwa akimtafuta mama Notburga, kama mtu atafutaye mtoto aliyempotea mnadani. Ubeti wa kwanza ukapita, kiitikio kikapita. Hayumo. Yeye na wenzake wote, hawamo.

"Ina nguvu," alisema, "ila..."

Victor akaongeza sauti. Ile "ila" ikamezwa.

Pembeni, juu ya rafu, kulikuwa na spika mbili ndogo za mbao zilizofunikwa kitambaa. Bei zilizobandikwa hazikupishana sana na ya kabati.

"Na zile, kaka? Naomba tuzisikilize."

"Zile si za kwaya. Za watu wa studio."

"Kidogo tu, ubeti mmoja."

"Dada, zile zinataka sikio." Victor akamkonyeza mzee. "Si unawajua wanawake, mzee wangu? Kwao kizuri ni kile kinachopendeza juu ya kitambaa cha sebuleni."

Na mwenyekiti akacheka. Tobias yule yule aliyekuja mpaka kwao na kuku mkononi, Ephrasia alipotoka chuoni, kumsihi awafundishe kuimba. Neno la Victor lilimkera. Kicheko kile kilimchoma. Akaona hasira inapanda, na haikuwa ya hao wawili peke yao. Alijikasirikia mwenyewe, na samahani zake, na naomba zake, na zile "ila" anazozianzisha kila siku asizimalize.

Mwenyekiti akatia mkono kotini, akatoa bahasha ya fedha. Victor akanyosha mkono kuipokea, kabati bado linanguruma.

Ephrasia akainama, akachomoa waya ukutani.

Kimya kikaanguka dukani, hata pikipiki za nje zikasikika.

"We dada! Utaniunguzia mashine!"

"Mwalimu, kulikoni tena?" aliuliza Tobias, bahasha iko hewani.

Ephrasia alisema bila kushusha sauti.

"Mwenyekiti, rudisha hiyo bahasha kotini. Mlinituma nisikilize, na tangu tumeingia sijasikiliza, napigiwa kelele tu. Mama Notburga kachuma kahawa mpaka vidole vikachubuka, na humo hayumo! Sauti ya pili yote haimo. Mimi sikuja kushindana na Ruanda, nimekuja ili wale wazee wa nje wasikie maneno. Na wewe kaka, hilo sikio linalotakiwa na zile spika ndilo hili uliloliacha limesimama ukampa mzee kiti. Ziwashe na wimbo wetu, niimbe nao nisikie kama sauti ya pili imo. Kama hutaki, sisi tunarudi Mkumbi na fedha zetu."