Waya Uliotoka Kisiginoni mwa Baba

Niliota usiku wa jana kwamba nyaya za nyumba ya baba zimeitisha kikao, nami nimechelewa kufika.

Kabla ya kueleza zilichosema, nieleze kwanza mchana wake ulivyokuwa. Tunauza nyumba ya baba, hapa Morogoro. Mama alifariki mwaka juzi, na dada yangu Mwajabu, aliyeolewa Dodoma, amesema baba hawezi kubaki peke yake, atakwenda kukaa kwake. Mimi ni mdogo wake, ndiye niliyekuja kuiandaa nyumba. Dalali wetu, Bwana Shirima, alipita chumba kwa chumba mikono ikiwa nyuma, akafika sebuleni, akatikisa kichwa.

"Dada Tabia, nyumba ni nzuri. Tatizo nyaya. Mteja akiona waya umelala sakafuni haoni tena nyumba, anaona usumbufu. Mteja anataka kuona mahali atakapoishi yeye, si mahali anapoishi mtu mwingine. Kesho asubuhi asikute kitu kimeunganishwa."

Basi kutwa nilishinda nimepiga magoti. Waya wa feni niliufunga kwa kitambaa nyuma ya pazia. King'amuzi nilikiingiza ndani ya kabati la televisheni pamoja na mkia wake wote. Chaja za simu, zilizo nzima na zile ambazo hakuna tena anayejua ni za simu gani, nilizitia kwenye kapu la nguo chafu nikafunika kwa shuka. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake, akininyanyulia miguu nipitishe mkono chini. Hakuuliza kitu. Tangu habari ya kuhama ianze amesema neno moja tu: "Sawa." Sisi tukalichukua kuwa ni ndiyo.

Sasa ndoto.

Ni asubuhi. Nyaya zimeketi kwenye makochi, zimejikunja vizuri kama watu waliokunja miguu msibani. Mwenyekiti ni ekstensheni ya zamani, ile nyeupe iliyogeuka rangi ya meno.

"Shikamoo," nasema, kwa kuwa ilikuwamo humu ndani kabla sijazaliwa.

"Marahaba. Kaa."

Makochi yamejaa. Nakaa sakafuni.

"Tumelisikia agizo," ekstensheni inasema. "Kilichounganishwa kisionekane. Hatulipingi. Sisi maisha yetu yote tumekaa nyuma ya vitu. Tunachotaka kujua ni mpaka wake. Agizo linaishia kwetu, au linamhusu kila aliyeunganishwa?"

"Linamhusu kila aliyeunganishwa," najibu. Sijui nililitoa wapi jibu hilo, lakini nililitoa kwa sauti ya mtu mwenye mamlaka.

"Basi limepita."

Nyaya zikashuka makochini moja moja, bila kusukumana, zikaenda kujificha zenyewe. Birika la umeme likaingia chini ya kitanda likiomba radhi kwamba bado lina moto. Chaja moja nyembamba ikabaki mezani.

"Mimi simu yangu ilikufa zamani," ikasema. "Sijaunganishwa na kitu. Naruhusiwa kuonekana?"

Nikafikiri. Nikaona sheria haiikatazi.

"Unaruhusiwa."

Ikajinyoosha katikati ya meza. Ilikuwa peke yake kabisa, na kweli haikumsumbua mtu.

Bwana Shirima anaingia akiwa amejiviringisha ndani ya kapeti, kichwa tu kiko nje. Anatembea kwa kurukaruka. Sikushangaa. Niliona ni mtu anayefuata agizo lake mwenyewe.

"Mteja yuko getini," anasema. "Umefanya kazi nzuri, dada Tabia. Kimebaki kile pale."

Ananionyesha kwa kidevu. Anamwonyesha baba.

Baba amekaa kwenye kiti chake. Kwenye kisigino chake cha kushoto unatoka waya mwembamba mweupe. Umepigiliwa vibana ukutani kwa ustadi, unafuata pembe ya chini ya ukuta, unaishilia koridoni. Haukuwa mpya. Rangi ya ukuta ilipakwa juu yake, tena zaidi ya mara moja.

"Baba, huu waya ni wa nini?"

"Ni wangu," anasema.

Hapo sebule ikawa ya Dodoma, kwa dada Mwajabu, na mapazia yake ya zambarau. Kisha ikarudi kuwa yetu, ila Mwajabu akawa amebaki ndani yake, na leso ya jikoni begani.

"Tumweke kwenye kabati la televisheni," Mwajabu akasema. "Pale pana nafasi."

Baba hakubisha. Akavua kofia yake, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Nikunje wapi?" akauliza.

"Magotini kwanza, baba," Mwajabu akamwambia, kwa upole ule ule anaozungumza naye kwenye simu. "Kisha kiunoni."

Baba akajikunja magotini. Akajikunja kiunoni. Akaingia kabatini ubavuni mwa king'amuzi, na king'amuzi kikasogea kumpisha, kikamwambia, "Karibu, mzee, hapa pana joto kidogo lakini utazoea."

"Pumua kidogo kidogo, baba, mteja asisikie."

"Sawa," baba akasema.

Mimi ndiye niliyefunga mlango. Ulifunga bila kukwama, na hilo ndilo lililoniuma. Nilitegemea walau ukatae.

Mteja anaingia. Ni mtu mnene, mpole, amejitwika kiti chake mwenyewe kichwani. Anakishusha pale pale kilipokuwa kiti cha baba, anakaa, anafumba macho, anashusha pumzi.

"Hapa hajawahi kukaa mtu," anasema kwa furaha.

"Kamwe," Bwana Shirima anajibu kutoka kwenye kapeti.

Kabati likakohoa.

"Ni mbao," Mwajabu akasema haraka. "Mbao mbichi hukohoa."

Mteja akatikisa kichwa kukubali. Alikuwa mtu wa kuelewa mambo. Kisha akafumbua macho, akainama, akautazama waya mweupe unaotokeza chini ya mlango wa kabati.

"Na huu," akauliza, "unamtoka nani kwenda kwa nani?"

Nilijua jibu lake ndilo bei ya nyumba. Mwajabu akanisogelea sikioni.

"Kauchomoe, mdogo wangu. Ukiuchomoa utajivuta ndani wote, na baba hatasikia maumivu. Nenda."

Nikaenda.

Naufuata waya koridoni. Korido yetu ni fupi, lakini sasa inaendelea tu, na mwisho wake ni kiwanda cha nguo alichofanya kazi baba ujana wake. Mashine zinafuma. Nyuzi zote ni nyaya, nyeusi na nyeupe, na kinachotoka upande wa pili ni vitenge. Nilimkuta kijana mmoja mrefu amesimama baina ya mashine mbili, ana sharubu changa. Alikuwa baba, kabla hajawa baba wa mtu.

"Dada, pita upande huu," akaniambia kwa heshima. "Pale nyuzi zitakunasa gauni."

"Asante, kaka," nikasema. Niliona aibu kumwita kaka, lakini hakuwa bado na sababu ya kuitwa jina jingine.

"Unamtafuta nani?"

"Naufuata waya huu."

Akautazama. "Sijaufunga bado," akasema. "Lakini nitaufunga."

Mlango wa kiwanda ulifungukia uani kwetu.

Mama amekaa anakuna nazi. Alikuwa mtu wa Pangani, na chakula kisicho na nazi alikuwa akikiita dawa. Ameikalia mbuzi yake ile ile tuliyompa jirani baada ya arobaini. Mbuzi inalia kidogo, kama mbuzi wa kweli, mama anaigonga shingoni, inanyamaza. Karibu na goti lake, chini kabisa ya ukuta, kuna soketi. Waya wa baba umechomekwa hapo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuuchomoa."

"Mteja amefika."

"Wateja si watu wa kusubirishwa," akasema, akaendelea kukuna.

Nikainama, nikaishika plagi. Ndani yake ilikuwa ikitoka sauti ya baba. Hakuwa akisema jambo kubwa. Anaeleza mapapai ya jirani yanavyolemea ukuta. Anaeleza bawaba ya mlango wa choo inavyolia, na nesi aliyempima presha akamwambia ana moyo wa kijana, naye akajua anafarijiwa. Maneno yanakuja moja baada ya jingine bila kupumzika. Tangu mama afariki sikuwahi kumsikia baba akiongea maneno mengi kiasi kile.

"Kila jioni hunieleza siku yake," mama akasema. "Nyinyi mnadhani amekuwa bubu."

"Amekuambia habari ya kuhama?"

"Ameniambia anaogopa."

"Anaiogopa Dodoma?"

"Dodoma ina nini cha kuogopwa? Anaogopa waya hautafika."

Nikatazama alikotazama yeye. Kwenye pembe ya uani waya ule ule mweupe ulikuwa umeviringishwa duara juu ya duara, rundo kubwa kuliko rundo la kuni za arusi, umepanda mpaka juu ya paa, na kunguru amekaa kileleni.

"Unafika," mama akasema. "Unafika Dodoma na mwingine unabaki. Nilimwekea. Ila waya huu unaleta tu, haupeleki. Mimi namsikia, yeye hanisikii. Ndiyo maana hajui."

"Kwa nini hakutuambia sisi kwamba anaogopa?"

Mama akaacha kukuna. Akanitazama vile alivyokuwa akinitazama nikirudi shule na viatu mkononi.

"Mlimuuliza?"

Kutoka sebuleni nikamsikia mteja akiuliza kwa adabu mbona waya bado uko, na Bwana Shirima akimjibu kwamba unashughulikiwa. Kabati likakohoa tena, safari hii kwa shida.

"Mtu hakunjwi, Tabia," mama akasema. "Nguo ndizo zinazokunjwa."

Nikaiachia plagi. Nilitaka kukimbia nikafungue kabati, lakini mama alisimama, akanishika bega, akaniketisha kwenye mbuzi, akanipa kifuu chenye nazi nusu. Mikono yake ilikuwa na mafuta ya nazi na ilikuwa na joto. Akasimama nyuma yangu, akanishika viganja, tukakuna pamoja.

"Usifike kifuuni," akanionya. "Ukifika kifuuni tui linakuwa jeusi. Simama kabla ya hapo."

Nikakuna. Nilikuwa nikilia, na mama hakusema ninyamaze. Alisema tu niinamishe kichwa pembeni, chumvi isiingie kwenye nazi.

Nikaamka.

Jua lilikuwa limekwisha kupanda. Nyumba ilikuwa safi, hakuna hata waya mmoja, kama nyumba iliyochorwa. Nilikwenda moja kwa moja sebuleni nikafungua kabati la televisheni. Ndani mlikuwa na king'amuzi tu. Nikasimama pale nikikitazama, na sikuona haya.

Baba alikuwa uani, ameketi kwenye ngazi ya mlango wa jikoni, amevaa kofia. Nikamwamkia, nikakaa chini karibu yake.

"Baba, sisi hatukukuuliza. Tulipanga wenyewe. Naomba nikuulize sasa. Unataka kwenda Dodoma?"

Nilidhani atasema "Sawa."

"Kwa Mwajabu kuna uani?" akauliza.

"Kuna. Mdogo, lakini upo."

"Jioni mtu anaweza kukaa hapo bila kusemeshwa?"

"Nitamwambia dada. Hatakusemesha mtu."

Akageuza uso, akaangalia chini ya ukuta, mahali ambapo hapana kitu.

"Baba," nikasema, "unafika. Mpaka Dodoma, na mwingine unabaki."

Hakuuliza ni nini kinachofika. Alivua kofia, akajifuta nayo uso, akaivaa tena.

"Basi nitakwenda," akasema. "Lakini mteja akija asinikute nimefichwa chumbani. Nitampitisha mwenyewe. Nitamwonyesha mama yenu alipokuwa akikaa, nitamwonyesha na pale bati linapovuja. Akiitaka, aitake hivyo."

"Bwana Shirima atakasirika."

"Atakaa kwenye kochi, atapoa."

Nikacheka, naye akatabasamu kidogo. Nilipoinuka ili nikampigie Mwajabu simu, akanishika mkono.

"Hebu."

Akatoa kitu kwenye mkono wa gauni langu, karibu na kiwiko, akakiweka kiganjani na kukisogeza kwenye mwanga. Ilikuwa chembe ya nazi iliyokunwa, nyeupe tupu, bado mbichi.

"Nani amekuna nazi humu ndani?" akauliza.

"Sijui, baba."

Akaitazama tena. Kisha akaitia mdomoni, akaitafuna kwa meno ya mbele, taratibu, mpaka ikaisha, akaniambia nikawashe jiko.