Wapagazi wa Gari la Chanjo

Jumatatu asubuhi Leonia, afisa usafirishaji wa halmashauri moja nje kidogo ya Tabora mjini, alikagua magari yake tisa. Saba yalikuwa juu ya mawe. La nane, jipya, lilikuwa la mkurugenzi. La tisa lilikuwa la chanjo, na lilikuwa limekufa giaboksi.

"Mama, hili haliendi," alisema dereva Shomari.

"Na Tura wana surua."

Saa mbili wanaume kumi na wawili waliovaa kaniki waliingia getini, mabega yamejaa sugu. Mlinzi aliwaandika kwenye daftari la wageni. Alipouliza wanatoka wapi, mkubwa wao, Ngollo, alijibu kwamba walikufa kwa ndui wakirudi kutoka pwani, walikopeleka pembe za ndovu. Mlinzi akaandika: Pwani.

Ngollo alionekana kijana wa miaka thelathini. Leonia alikuwa na hamsini na mbili. Alipiga hesabu kichwani, akasema, "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Tumesikia kuna mzigo."

Wakaliinua gari, Shomari akiwa ndani na maboksi ya chanjo, wakaondoka kwa wimbo. Walipita Igalula, na kabla ya alasiri walikuwa Tura. Watoto wote walichanjwa. Kina mama waliwapikia wapagazi ugali na kisamvu cha karanga, wakala wakaomba tena. Shomari alisema tangu aajiriwe hajawahi kupita barabara ile bila kuumwa mgongo.

Jioni Leonia aliuliza awalipe nini.

"Tuandike," alisema Ngollo. "Bwana wetu aliandika pembe tu."

Leonia akafungua daftari la safari za gari na kuandika majina yote kumi na mawili, polepole, akiuliza kila moja linavyoandikwa. Mmoja wao aliomba kulitazama lake mara ya pili.

Mwezi ukapita hivyo. Kwenye kikao cha bajeti Leonia aliomba gari jipya la chanjo. Mkurugenzi alifungua daftari.

"Limetembea mwezi mzima bila lita hata moja ya mafuta. Tulibadilishe kwa nini?"

Fungu likaenda kwenye gari la pili la mkurugenzi. Leonia alitoka amekunja uso, lakini uani wapagazi walikuwa wakitaniana na Shomari, na kicheko kikamponyoka.

"Leo wapi?" aliuliza Ngollo.

"Igalula. Kuna mjamzito."

Shomari akapanda, akafunga mkanda kama sheria inavyotaka, nao wakamwinua.