Sabuni Kwenye Manyoya ya Rata

Watu wa mjini wakimwona mbwa wetu wa kipilipili hukimbilia kitana. Ole wao! Ukimchana, yale manyoya yanafumuka kama sufi kwenye godoro lililopasuka, na hapo huna mbwa tena, una kichekesho. Baba alitufundisha mimi na mdogo wangu Flora tungali wadogo: mloweshe kwa maji matupu, msugue kwa viganja mpaka vipilipili vijikunje vyenyewe, kisha mwache akauke. Ncha zilizochomoza zikate kwa mkasi. Basi. Sabuni ni mwiko majira ya kuwinda, maana mafuta ya ngozi yake ndiyo koti lake la mvua.

Rata alikuwa wa mwisho katika uzao wa mbwa wa Baba. Miaka hamsini ya mbwa weusi wanaojulikana mkoa mzima wa Southland, akabaki jike mmoja wa miaka minne, na mwezi wa Juni tulikuwa tumpeleke kwa dume. Baba alipofariki tulimgawana: Flora alimchukua kwa maonyesho ya mbwa, mimi kwa kuwinda bata. Flora anapenda tepe na vikombe vya ushindi. Mimi napenda mbwa afanye kazi aliyozaliwa nayo. Tuligombana kwa hilo kila tulipokutana, na mimi kwa mdomo sijambo.

Ijumaa, siku moja kabla ya msimu wa bata kufunguliwa, Flora akamleta Rata kutoka maonyeshoni na utepe mwekundu shingoni.

"Wa kwanza!" akasema hata kabla ya kuvua koti. "Jaji kampapasa mgongo, kasema hajawahi kuona vipilipili vilivyokaza namna hii."

"Hujamtia sabuni?"

"Jamani, dada Una! Mimi si mtoto wa Baba kama wewe? Maji tu."

Alisema hivyo huku akifungua utepe, hakunitazama. Ningembana palepale. Lakini nilikuwa nakunja mikate ya jibini ya kesho, na muda si muda tukawa tunabishana nani alale chumba cha Baba.

Jumamosi alfajiri nikamwacha Flora amelala, nikaenda ziwani. Maimai yetu, kile kibanda cha matete cha kujifichia bata wasituone, Baba alikijenga pamoja na baba yake jirani yetu Tame. Sasa tunakaa humo mimi na Tame, yeye na mbwa wake wa Labrador aitwaye Bosi. Mei hiyo baridi ilikuwa ya kukata masikio, na kando ya maji barafu ilikuwa imeshika.

"Huyo bibi harusi wako atakubali kulowa leo?" Tame akanichokoza.

"Wewe mwangalie fisi wako asimle bata njiani."

"Bosi hali bata. Anaonja tu."

Tukacheka. Nikapiga bata wa kwanza, akaangukia karibu. Rata akaingia majini bila kusubiri kuambiwa mara mbili, akamleta mkononi mwangu, akajikung'uta. Mbwa wa namna yake akijikung'uta mara mbili anakuwa kama hajaguswa na maji. Nikaweka kiganja mgongoni kwake. Kikatoka kinachuruzika. Maji yalikuwa yamezama hadi kwenye ngozi, na misuli yake ilikuwa ikitetemeka chini ya vidole vyangu.

Tame naye aliona.

"Una, huyo anatetemeka. Mfunike koti langu, apumzike."

"Anatetemeka kwa hamu."

"Hamu gani hiyo ya kugonganisha meno? Huyo hayuko sawa, bwana."

"Meno yake yakuhusu nini? Angalia ya fisi wako."

Nilisema hivyo, nikacheka peke yangu.

Nikapiga wa pili. Huyo alijeruhiwa bawa tu, akaangukia mbali, ng'ambo ya mkondo wenye kina. Sasa, pale kwetu bata anaokotwa na mbwa wa aliyempiga. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, lakini kumwachia mbwa wa jirani ni kukiri kwamba wako ameshindwa, na habari itafika baa kabla yako.

"Mwache Bosi aende," Tame akasema. "Sitamwambia mtu. Wallahi simwambii mtu."

Mbwa wa Baba kuokolewa na Labrador! Nikanyoosha mkono kuelekea mkondoni. "Nenda, Rata."

Akanitazama kidogo. Hawa mbwa wana akili zao, hawatii kama kondoo, angeweza kukataa. Hakukataa. Akaogelea mpaka ng'ambo, akamfukuza yule bata kwenye magugu, akamkamata, akageuka. Katikati ya mkondo nikaona mgongo wake umezama. Halafu kikabaki kichwa. Halafu nikamwona bata tu, bawa moja linapiga maji.

"Mwachie! Rata, mwachie huyo!" Nilipiga kelele mpaka koo likauma. Hakumwachia. Tame alikuwa tayari kwenye mashua. Alipomtoa Rata, bata alikuwa hai mdomoni mwake, na yeye amekufa.

Flora alikuwa jikoni anachemsha chai tulipoingia. Tame, maji yanamtiririka hadi kwenye buti, akamlaza Rata sakafuni. Flora akapiga magoti, akashika yale manyoya yaliyolowa chapachapa, akaanza kulia hata kabla sijafungua mdomo.

"Nilimwosha," akasema. "Alinuka tope, Una. Sabuni ya vyombo, mara mbili. Nilikudanganya. Mimi ndiye niliyemuua."

Kisha akainua uso.

"Lakini wewe hukuona chochote? Hukuona maji yanaingia?"

Tame alikuwa amesimama mlangoni. Akanitazama, akangoja. Alinipa muda wa kutosha, Mungu ni shahidi.

"Ningeona, ningemtuma?" nikamjibu mdogo wangu.

Tame akavaa kofia yake. "Poleni," akasema, akatoka. Hajaingia tena kwenye maimai ile, na tukikutana dukani ananisalimia kama anavyomsalimia mgeni.

Ni miaka tisa sasa. Flora aligawa vikombe vyake vyote, hakufuga tena hata paka. Kila Krismasi hunitumia keki ya matunda na barua fupi ya kuniomba radhi, maneno yaleyale. Namjibu kwamba nimeshamsamehe.