Siku Floribert Alipokula na Mama Bukwe

Mradi ulipotuletea semina hapa Likasi, jambo la kwanza tuliloambiwa ni kwamba sisi wahasibu wa serikali hatujuani. Nilishangaa sana. Mimi Marcelline nimekaa meza moja na Floribert tangu alipoanza kazi. Najua chai yake anaipenda vipi, najua fundi anayemshonea viatu, najua hata mchungaji anayemwombea apate namba. Lakini kijana mmoja ameshuka garini kutoka Lubumbashi, kashika maikrofoni, kasema hatujuani, na sisi wote tukampigia makofi.

Namba ninayosema ni ile tunayoiita matricule. Kwetu mtu anaweza kuifanyia serikali kazi miaka nenda miaka rudi. Ana kiti, ana kalamu, ana wakubwa wa kumgombeza. Lakini kama hana matricule, serikali haimjui, na mwisho wa mwezi mshahara unampita kama treni inavyopita kituo kilichofungwa. Hupewa kidogo cha sabuni na kuambiwa avumilie. Floribert alikuwa bingwa wa kuvumilia. Kwa ajili ya semina alijichapishia kadi nzuri zenye jina lake, cheo chake, na chini yake maneno haya: matricule en cours, yaani namba iko njiani. Mkewe Josée aliziona akamwambia kwamba mvumilivu hula mbivu, lakini zao zinaozea mtini.

Mwaka huu nafasi moja ilikuwa imepatikana. Mzee Kalenga alikuwa ameaga dunia, Mungu amrehemu, na tume ya wakubwa ilitakiwa kupendekeza jina la mtu mmoja wa kuingizwa kwenye orodha ya mishahara. Tume ingekaa siku ya pili ya semina, mara tu baada ya mafunzo, kwa kuwa wakubwa wote wangekuwa chini ya dari moja na soda zingekuwepo. Mwenyekiti wake alikuwa Mama Gertrude, mkuu wa hesabu upande wa Shituru. Na Mama Gertrude ndiye aliyemzaa Josée, kwa hiyo ni mama mkwe wa Floribert, au kama tusemavyo huku, mama bukwe; naye Mama humwita Floribert bukwe vilevile.

Msomaji asiye wa huku atasema: basi kazi imekwisha. Pole yake. Wazazi wa hawa wawili walitoka Kasai zamani kwa kazi za migodi, na mila ya bukwe waliibeba pamoja na masufuria. Mwanaume hamtazami mama mkwe wake usoni. Hampi mkono, hamsemeshi, na zaidi ya yote, hali chakula mbele yake. Wakikutana njiani, mmoja anatafuta pa kupotelea. Floribert akimwona Mama Gertrude barabarani huingia duka lolote lililo karibu, mara nyingi la dawa, na kwa kuwa haya humzuia kutoka mikono mitupu, nyumbani kwake kuna dawa za minyoo kushinda zahanati. Mama akija ofisini kwetu, Floribert hutokea mlango wa nyuma. Walipokuwa na neno la lazima, walilipitisha kwangu. Nilikuwa mdomo wao, na sitasema uongo, nilipenda kuwa mdomo. Mtu unaheshimiwa na pande mbili bila kutoa kitu.

Semina ilifanyika katika ukumbi wa parokia, madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi la malori ya migodi ya Kakanda. Kijana wa Lubumbashi aliitwa Ghislain, ila alitutaka tumwite coach. Alivaa viatu vyenye ncha za kuulia mende pembeni. Aliongea muda mrefu asubuhi hiyo kuhusu réseau, maana yake watu wako, wale utakaowapigia simu siku ya shida. Nilimtazama tu. Kumfundisha Mkongo kutafuta watu wake ni kumfundisha samaki kuogelea, lakini samaki hawapewi cheti.

Kisha akachukua karatasi ndogo zenye majina yetu, akazichanganya katika kofia, akaanza kutupanga wawili wawili. Alipotoa jina la Floribert na lililofuata, ukumbi mzima uligeukia viti vyao. Alikuwa amemuunganisha na Mama Gertrude.

"Muangaliane mu macho," coach alisema, "mushikane mikono, na kila muntu aambie mwenzake: minye ni nani, na niko na lazima ya nini. Réseau ni macho!"

Floribert alisimama, uso kwenye sakafu. "Coach, excusez. Ule ni mama bukwe yangu."

"Et alors? Hapa hakuna bukwe. Hapa kuko bacollègues tu."

Yule kijana ni mtoto wa Katanga, na bukwe anamjua vizuri. Lakini alikuwa amelipwa asijue.

Tulifanya kama tunavyofanya siku zote. Nilivuta kiti changu nikakiweka katikati. Floribert akageukia ukuta wa kushoto, Mama Gertrude akageukia dirisha, na mimi nikafungua ofisi yangu.

"Marcelline, ambia mama kama minamusalimia kabisa."

"Marcelline, ambia bukwe kama minaitika. Umuulize, ule mutoto mwenye kukohoa, anapona?"

"Umuambie anapona. Alikunywa ile dawa."

Coach alisimama juu yetu kama polisi wa barabara. Akaandika kitu, akatikisa kichwa, akasema mbele ya watu wote kwamba réseau haiendi kupitia madalali. Dalali nilikuwa mimi. Nilimnunia hadi mapumziko ya chai, na mpaka leo sijamaliza.

Wakati wa chai alimvuta Floribert kando, karibu na thermos. Nilikuwa namimina, kwa hiyo nilisikia.

"Papa Floribert, weye unatafuta nini mu hii kazi?"

"Matricule."

"Na présidente ya commission ni nani?"

Floribert alitazama biskuti yake. "Ule mama."

"Na weye unamusemesha kupitia muntu ingine! Njo maana unabakia pale. Dossier yako inalala chini ya haya yako, papa."

Alipoondoka nilimkaribia Floribert. Nikamwambia: "Ile ni mambo ya mu papier. Uachane nayo. Commission ni kesho, weye utulie tu."

Akanijibu bila hasira, na ndiyo maana iliniuma. "Marcelline, weye uko na matricule. Mwenye kushiba hamujue mwenye njaa."

Nikarudi kwenye thermos. Alisema kweli. Mimi hupokea mwisho wa mwezi, yeye hupokea moyo wa uvumilivu.

Saa ya chakula ilifika. Kulikuwa na bukari, yaani ugali wetu, mchicha wa lenga-lenga, samaki wa Kapolowe na kuku wa kukaanga, na watu walikuwa wamekwisha kusahau réseau na kukumbuka sahani. Kwa kawaida, katika mkutano wowote, Mama Gertrude akikaa kula Floribert huchukua chakula chake akala nje, nyuma ya jengo, amesimama. Safari hii alipita mlango akauacha. Alitembea kati ya meza akiwa ameshika sahani kwa mikono miwili, akavuta kiti mbele ya Mama Gertrude, akakaa.

Mama alijifunika macho kwa kiganja.

"Mama," alisema Floribert, "ni minye, Floribert. Niko na lazima ya matricule. Minaomba weye unisaidie."

Kisha akachukua paja la kuku akaling'ata mbele yake.

Haya ya bukwe, kwa wenyewe wa Kasai, huondolewa kwa mbuzi, ndugu wa pande mbili wakiwa wamekaa na kuzungumza. Ya hawa iliondolewa kwa paja la kuku wa mradi. Mama Gertrude alishusha kiganja polepole. Alimtazama mkwe wake, na alimtazama kwa muda, kama mtu anayesoma. Angeweza kusimama na kuondoka, lakini coach alikuwa amefika na simu yake akipiga picha, akipaza sauti kwamba hii ndiyo réseautage yenyewe. Mama akakata kipande cha bukari, akachovya, akala. Watu wakapiga makofi. Mimi nilihisi aibu hadi kwenye visigino, nami si wa ukoo wao.

Jioni hiyo Floribert alitembea mjini kama mtu aliyevuka mto. Alimsalimia kila mtu kwa kumkazia macho. Aliniambia kwamba alikuwa mjinga miaka yote, kwamba mtu wa kumsaidia alikuwa pale pale mbele yake, na dawa ilikuwa neno moja tu. Nilitaka kufurahi naye na nilifurahi nusu.

Siku ya pili somo lilikuwa maadili ya mhasibu. Coach yule yule, viatu vile vile, akaeleza conflit d'intérêts: mwenye kuamua asiamue habari ya mtu wake. Mama Gertrude aliinua mkono.

"Coach, na kama ni muntu ya famille, lakini hatusemezanake, hatukulake pamoja, na bantu bote wa Likasi banajua?"

Coach alifikiri. "Ile, mama, hata adui yako hawezi kukushitaki. Shida inaanzaka pale munakula ku meza moja." Halafu akacheka. "Lakini weye, jana minye mwenyewe nilikupiga photo!"

Ukumbi ulicheka. Floribert alicheka kuliko wote, akanipiga begani. Mama Gertrude hakucheka. Aliinama akafunga mkoba wake, ingawa somo lilikuwa bado.

Vyeti viligawiwa. Floribert alipewa na heshima ya pekee: aliteuliwa kuwa point focal wa réseau ya Likasi, yaani mtu wa kuwaunganisha wengine, cheo kisicho na ofisi wala mshahara, kwa hiyo hakikumletea ugeni wowote. Kisha wakubwa wakaingia chumba cha katekisimu kufanya tume, na sisi tukabaki uani. Tulisikia viti, tukasikia Mama Gertrude akisema jambo refu kwa sauti ya chini, halafu mlango ukafunguliwa na yeye akatoka peke yake, akaketi kwenye benchi. Alikuwa amejiondoa. Wengine wakaendelea bila yeye.

Hawakukawia. Nafasi ilikwenda kwa Bertin wa ofisi ya magari, ambaye hakuikanyaga semina hata dakika moja kwa sababu ya jino.

Floribert alisimama katikati ya ua na cheti chake. Mama Gertrude aliinuka, akaja moja kwa moja kwetu. Kwa mazoea nilisogea katikati, tayari kubeba maneno.

"Marcelline, ukae," aliniambia. "Sasa tunasemaka wawili."

Nikakaa. Akamtazama mkwe wake usoni.

"Nilikuwa na jina yako hapa," alisema, akigusa kifua. "Hakuna mwingine. Kazi yako bote banaiona, na hakuna muntu angesema neno, juu ya bote banajua minye na weye hatupeanake hata jambo. Ile haya njo ilikuwa inakuchunga. Jana unakuya kukaa mbele yangu na kuku. Sasa niseme nini mule ndani? Bale bazee baliniuliza: Mama Gertrude, ule si muntu unakula naye?"

Floribert alikikunja cheti chake mara mbili. Ile kazi ya kutazama machoni aliyofundishwa aliifanya vizuri, masikini, hakuinamisha kichwa. Machozi yalimshuka hadharani na bado anatazama. Nilitamani kumtafuta yule coach nikamvue viatu vyake, lakini alikuwa amekwisha kupanda gari, na réseau yake ilikuwa inamsubiri mji mwingine.

"Mama," alisema mwishowe, "tuseme nilete mbuzi. Tuseme tukae na bazee, tuombe msamaha. Ile haya haiwezi kurudia? Minarudia kukukimbia kama zamani, mpaka nafasi ingine ifunguke."

Mama Gertrude alifikiri kweli, alilipima swali kama anavyopima hesabu za watu, akitafuta mahali ambapo lingekubali. Kisha akanyoosha mkono, akamfuta shavu kwa kona ya kitenge chake.

"Hapana, mutoto wangu," alisema. "Minye nilishakuona."