Aliyesimama Golini

Kocha Doru alikuwa na sikio moja tu linalosikia. La kushoto lilikufa kwao Romania, akiwa golikipa wa miaka ishirini na tisa. Aligongwa kichwa kipindi cha kwanza, wakamwambia amalizie mechi, akamalizia, na kudaka kukaishia hapo. Akageukia ukocha. Alizunguka Burundi na Kongo, mwisho akaangukia kwetu Bariadi, kwenye timu ya wakulima wa pamba ambayo hata soksi zake hazikufanana. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini kila asubuhi alitukumbusha: ukigongwa kichwa, unatoka.

Makipa tulikuwa wawili. Ndaki wa Nkoma alikuwa namba moja, na mimi, Paschal wa Somanda, nilikuwa wa benchi. Nilimpenda, na nilimwonea wivu. Nani asingemwonea?

Siku ya mechi ya kupanda daraja, kamati ilitupeleka kwa mganga bila kumwambia kocha. Wachezaji wote tulinyunyiziwa maji. Ndaki peke yake alichanjwa chale.

"Golini asimame huyu tu," mganga alisema. "Mwingine akisimama pale, litakalompata asinilaumu."

Dakika ya thelathini, goti la mshambuliaji wao lilimpata Ndaki juu ya sikio. Akazimia. Alipozinduka aliuliza tunacheza na nani. Kocha akanigeukia.

"Paschal, ingia."

Sikuinuka. Mimi niliyemaliza kidato cha nne, ninayeimba kwaya kila Jumapili, nilitazama zile nguzo nikaona kaburi langu.

"Kocha, goti linaniuma," nikasema. Uongo mtupu.

Mwenyekiti wa kamati akadakia kwamba Ndaki ni mzima, mbona amesimama. Ndaki naye akasema, "Niache nimalizie, kocha." Kocha alinitazama kwa muda mrefu, kisha akamrudisha. Angeweza kumweka beki golini, hakufanya hivyo, na hilo ni kosa lake. Lakini kosa la kwanza ni langu.

Tulishinda moja bila. Watu walicheza ngoma uwanjani, na Ndaki akabebwa juu juu. Kwenye gari alianza kutapika. Tukamkimbiza hospitali, akalala, na kesho yake mchana akafariki.

Tulimzika kwao Nkoma. Siku mbili nilibeba maji, nikapasua kuni, nikachimba kaburi, na goti halikunisumbua hata kidogo. Kocha alikuwa pale muda wote, akiniona.

Baada ya maziko, mama yake Ndaki, Nyanjige, alituita watu wa timu.

"Nataka kujua kitu kimoja," alisema. "Nani alimrudisha mwanangu golini?"

Kamati nzima ikainamisha vichwa. Kocha akachuchumaa mbele yake.

"Mimi, mama. Mimi peke yangu."

Nyanjige alimtazama mzee huyo wa kizungu, akamwambia aondoke nyumbani kwake. Kocha akainuka, akaenda barabarani kutafuta bodaboda. Nilitaka kumwita. Sikumwita.

Kisha mama akanigeukia. "Na wewe baba, ndiye Paschal?"

"Ndiyo, mayu."

"Ndaki alikuwa akikusifu. Na leo nimeona ulivyomchimbia mwenzako kaburi. Wabeja, mwanangu."

Akanishika mikono yote miwili huku akilia, nami nikamwacha anishukuru.